Kadi za Wodini

Nilimwamkia Mwalimu mara tatu Jumapili ile, na mara zote tatu hakuitikia. Alikuwa ameketi barazani kwake, Lemara, kwenye kiti cha mbao chenye mto uliochakaa, mkono wa kulia umelala pajani, macho ameyaelekeza mlima Meru. Mlima ulikuwa wazi hadi kileleni, kitu ambacho siku nyingine asingekiacha kipite bila neno. Shikamoo ya nne ilinifika kooni, nikaimeza. Kwa sisi tuliolelewa huku, shikamoo isiyoitikiwa ni kofi, tena afadhali kofi kwa sababu maumivu yake huisha.

Muda ulikuwa unanikimbia. Alfajiri ya Jumatatu angepelekwa Moshi kufanyiwa upasuaji wa mshipa wa shingo. Daktari hakuwazungusha, yeye na mkewe: anaweza kuamka mzima, anaweza kuamka bila maneno, na anaweza asiamke. Kwa hiyo nilikuwa na mchana mmoja tu wa kuusikia msamaha wake kwa sauti yake mwenyewe, na yeye hata salamu yangu hakuitaka. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na jani moja lililofungwa kwenye gazeti. Niliogopa kulitoa.

Nitaeleza kosa langu, lakini ili lieleweke lazima nianze na makopo.

Mwalimu alinifundisha Kiingereza sekondari, wakati mimi ni mtoto wa fundi rejeta wa Ngarenaro mwenye viatu vya kurithi. Walimu wengine walikuwa na ng'ombe wa maziwa au duka. Yeye alikuwa na kitenzi. Kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, take, ambacho alikifuatilia kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikata migongo ya karatasi za mitihani ya zamani kwa rula na wembe, kila kipande ukubwa wa kiganja, akaviita kadi, akavipanga ndani ya makopo ya mafuta ya kupikia. Juu ya kadi aliandika sentensi, chini yake maana kwa Kiswahili, kisha mahali iliposikika. Mstari wa mwisho uliitwa mleta, yaani mtu aliyeisikia sentensi hiyo akaileta. Kamusi hakuikubali kuwa mleta. Alitaka maneno yaliyotoka midomoni mwa watu, hapa hapa Arusha, na kadi isiyo na mleta alisema ni karatasi ya kuwashia moto.

Nami niliwahi kuwa mleta, nikiwa kidato cha pili. Mteja mmoja wa kigeni alileta gari gereji kwa baba, akaitazama rejeta iliyobondeka, akasema it has taken a beating. Kesho yake nilimpelekea Mwalimu. Aliweka chaki chini. "Rejeta ya Kiingereza inachukua kipigo," aliliambia darasa, "ya kwetu inakula." Akaandika kadi pale pale, na kwenye mstari wa mwisho akaweka jina langu, la baba na la ukoo. Kabla ya hapo sikuwahi kuandikwa mahali isipokuwa kwenye orodha ya waliochelewa. Nadhani ni siku hiyo nilipoamua kuwa mwalimu wa Kiingereza, kazi inayonilisha mpaka leo.

Miaka ilipita, makopo yakajaa. Waingereza wanachukua chai, wanachukua dawa, wanachukua mtihani, na sisi tunakunywa, tunameza, tunafanya. Picha wanaichukua, sisi tunaipiga. Kwenye kadi ya picha kulikuwa na maelezo pembeni: mzee mmoja mfugaji wa upande wa magharibi wa Meru, alipotafsiriwa ombi la mtalii, aliuliza, "Akishaichukua, mimi nabaki na nini?" Ndege ikiacha ardhi, take imo. Mtoto akifanana na bibi yake, imo. Rubani, mchungaji, wakala wa utalii na muuza vinyago wa pale mjini, kila mmoja alikuwa na kadi yake, na kila kadi ilikuwa na mtu aliyeileta.

Kopo moja dogo aliliita mizizi. Hilo tu ndilo lililotoka vitabuni. Humo alieleza kwamba take si mzaliwa wa Uingereza. Ilifika na watu wa kaskazini waliokuja kupora, wakaishia kuoa na kulima, na huko ilikotoka wapo wataalamu wanaodhani maana yake ya kwanza ilikuwa kugusa tu. Waingereza walikuwa na kitenzi chao cha kuchukua, niman, nacho kikasukumwa pembeni hadi kikafa. Kiliacha watoto wachache, mmoja wao ni numb, neno la kiungo kilichokufa ganzi, kiungo kilichochukuliwa. Haya alinieleza baada ya kiharusi, akiuinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. "Kitenzi kimekufa," alisema, "lakini mkono wangu kimeupata." Nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Alijua kukuchekesha mahali ulipotakiwa kulia.

Kiharusi kilimpata miaka miwili kabla ya Jumapili ninayoisimulia. Mkono wa kuandikia ukafa ganzi, na kadi mpya zikakoma. Nilianza kwenda Lemara kila Jumamosi na kompyuta yangu, nikawa nazichapa kadi za zamani moja baada ya nyingine. Yeye aliketi kando akisahihisha. Mkewe, muuguzi mstaafu ambaye sote tunamwita Mama, alileta chupa ya chai, akamimina, akaondoka. Sikuwahi kumwona akikaa nasi. Nilipokuwa nachapa niliona kwamba kadi nyingi mno, pengine theluthi nzima, zilikuwa na mwandiko wa mviringo usiofanana na wa Mwalimu, na kwenye mstari wa mleta ziliandikwa neno moja tu: wodini. Nilidhani ni mwandiko wake wa ujanani. Sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kumaliza, na haraka ni tabia yangu mbaya tangu utoto.

Basi mwaka jana niliitwa kuzungumza kwenye semina ya walimu wa Kiingereza, nikazungumza juu ya take. Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi. Mchapishaji mmoja kutoka Dar es Salaam alinifuata wakati wa chai akaniambia hiki ni kijitabu, nikitume. Nikakituma. Jina lililokuwa juu ya jalada ni langu. Mwalimu nilimweka ukurasa wa mwisho, mstari mmoja, kwa maneno haya: shukrani kwa mwalimu wangu wa zamani. Nilijiambia kwamba anaumwa, nisimsumbue. Nilijiambia pia kwamba kupanga na kuchapa ni kazi, na kwamba kadi bila mimi zingeliwa na mende. Yote hayo ni kweli, na yote nilikuwa nayatumia kama pazia. Ukweli ni kwamba nililipenda jina langu pale juu. Shuleni walinipa ukuu wa idara kwa sababu ya kile kijitabu, na nilikaa kwenye kiti kile bila hata kuona haya.

Mzee mmoja wa kanisa alikiona dukani akakinunua, akampelekea Mwalimu akidhani anampelekea habari njema ya mwanafunzi wake. Jumamosi iliyofuata nilipofika, makopo hayakuwa mezani. Nilisema shikamoo. Mwalimu alinitazama kama mtu anayesoma bango la barabarani, kisha akageukia mlima. Wiki sita nilikwenda, wiki sita nikarudi na salamu yangu. Kilichonitisha zaidi ni kwamba hakunitukana. Ningejua la kufanya na matusi, maana na mimi mdomo ninao.

Ijumaa ile Mama alinipigia simu, akanipa habari ya upasuaji kwa maneno machache, sauti kavu ya kiuguzi. "Jumatatu alfajiri tunaondoka. Nimekuambia ili usije ukasema hukuambiwa."

Nilimpigia shangazi yangu, dada wa baba, anayeishi kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, Kilimanjaro. Nilimweleza kila kitu huku nalia.

"Mae! Kazi ya mtu mzima kabisa?" alisema. "Na yeye ni wa kwetu huku?"

"Ni wa huko, shangazi. Na mkewe pia."

"Basi unaniuliza nini? Peleka sale."

Sale nilikuwa naijua kwa kusikia. Ni ule mmea wa majani marefu ambao Wachaga huuotesha mpakani mwa vihamba. Aliyekosa huchukua jani lake, hulifunga fundo, hulipeleka kwa aliyemkosea, na aliyekosewa akipelekewa sale hakatai. Kwa kawaida unatanguliza mtu mzima wa kukusemea, lakini shangazi alisema hakuna muda, niende hivyo hivyo na roho yangu mkononi. "Jani lolote la sale," alisema. "Yamejaa kila mahali."

Yamejaa kwake. Mimi nimezaliwa Ngarenaro, ambako kwenye uwanja wetu paliota vyuma tu. Lakini nilikumbuka kwamba pale benki na kwenye mapokezi ya hoteli kuna mmea kwenye vyungu ambao watu huuita sale, na kwamba Usa River, kando ya barabara ya Moshi, wanauza miche. Jumapili baada ya ibada ya kwanza nilikwenda huko mbio. Muuza miche aliniuliza kama nataka ya kuweka ndani au nje.

"Ya kuombea msamaha," nilisema.

"Hiyo sijui, dada, lakini hii inakaa ndani bila jua," alisema, akanikatia jani moja refu, zuri, lenye mstari mpana wa njano katikati. Nililifunga fundo nikiwa bado njiani, nikaliviringisha kwenye gazeti.

Hilo ndilo lililokuwa kwenye mkoba wangu pale barazani. Nilikwisha kumwamkia mara tatu. Ndani ya nyumba nilimsikia Mama akifungua na kufunga kabati, anapanga mashuka na khanga za hospitali. Nikajiambia sasa au basi. Nikapiga magoti kwenye saruji mbele ya kiti, nikafungua gazeti, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.

Mwalimu aligeuza kichwa taratibu. Alilitazama jani kwa muda mrefu, kutoka kwenye ncha hadi kwenye fundo.

"Hili nini?" alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya wiki sita. Ulimi wake ulikuwa mzito tangu kiharusi, lakini kila neno lilisikika.

"Sale, Mwalimu. Nimekuja kukuomba..."

"Hili ni ua la benki."

Sikuelewa. Alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto, akaugusa mstari wa njano.

"Sale lina mstari? Umelitoa wapi?"

"Usa River."

"Umelinunua."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umeingia hapa kwa kupitia wapi?"

"Getini."

"Getini kuna nini?"

Niligeuka. Kulia na kushoto kwa geti, kufuata ukuta mpaka mwisho wa uwanja, ilisimama mimea mirefu kuliko mimi, majani yake ya kijani tupu, mapana, yanayoinamia njiani. Kwa miaka miwili, kila Jumamosi, yalikuwa yakinigusa bega nikiingia na nikitoka. Siku moja nilimwambia hata Mama ayapunguze yasiniharibie nywele. Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimesafiri hadi Usa River kununua pambo, na sale lenyewe nimelipita mlangoni kwa mtu ninayemwomba.

"Mtu mzima, Mchaga, mkuu wa idara," alisema Mwalimu, "halijui sale." Hakucheka. Akarudisha macho mlimani, na mimi nikabaki na jani langu la benki hewani.

Hapo hasira ilinishika, sitaficha. Ilikuwa hasira ya mtu aliyekosa pa kukimbilia. Nilisimama.

"Basi nifanyeje?" nilisema, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko ilivyopasa kwa mgonjwa. "Nimekosa, Mwalimu. Ile kazi ni yako, nimeiwekea jina langu, nimeikalia kiti. Wiki sita nakuja hapa. Kesho unaondoka. Ukitaka nilale hapa chini nitalala."

"Ulishindwa kuniomba?" alisema. Sasa alinitazama usoni. "Neno moja. Mwalimu, naomba. Ningekunyima?"

Nilitaka kusema hapana. Kisha nikaona kwamba nikiongopa hapa, hakuna jani litakalonisaidia.

"Niliogopa ungeninyima," nilisema. "Ndiyo maana sikuomba."

Kabati ndani lilikuwa limeacha kugonga.

"Naomba," nilisema. "Naomba jani moja kwenye ua wako."

"Si langu," alisema. "Masale haya alipanda Mama. Alitoka nayo kwao, kwenye kikapu, akiwa bibi harusi. Mwombe mwenyewe."

Mama alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, shuka moja limekunjwa mkononi. Nilimgeukia. Nilimwomba jani, kwa heshima zote nilizokuwa nazo.

"Unalitaka la nini?" aliuliza.

"La kumwomba Mwalimu msamaha, Mama."

"Kwa sababu ya zile kadi?"

"Ndiyo."

"Kadi zipi? Zake au zangu?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimtazama Mwalimu, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona usoni kwake tangu nilipokuwa na miaka kumi na minne. Aliogopa. Mkono wake wa kushoto ulishika ukingo wa kiti.

Mama aliingia ndani, akarudi na kopo moja. Aliliweka sakafuni, akakaa kwenye kigoda, yeye ambaye sikuwahi kumwona akikaa barazani. Alitoa kadi moja, akaisogeza mbali na macho ili aisome.

"Take a deep breath," alisoma, kwa Kiingereza kizuri, kilichonyooka kuliko changu. "Daktari mgeni alimwambia mama mmoja aliyekuwa anajifungua. Nilikuwa nimemshika mkono huyo mama." Akatoa nyingine. "Take him off the drip. Mimi ndiye niliyeambiwa. Nilipomaliza kuitoa hiyo dripu ndipo nikaandika." Akatoa ya tatu. "She hasn't taken to the baby. Mama amejifungua na hamtaki mtoto. Mtoto alikuwa mikononi mwangu siku tatu." Alinyanyua kadi ile juu ili tuione sote wawili. "Mwandiko wa nani huu?"

Akanisogezea karibu, akaendelea.

"Alinipa vikaratasi niweke kwenye mfuko wa sare. Kila zamu narudi navyo vimejaa. Nilipenda, sikatai. Nilikuwa nasikiliza kuliko hata yeye. Sasa soma hapa chini. Mleta ni nani?"

"Wodini," nilisema.

"Wodini ni jengo, mwanangu. Jengo halisikii, wala halileti kitu." Aliirudisha kadi ndani ya kopo. "Watoto wa shule wote wameandikwa majina. Wewe mwenyewe umo, na rejeta ya baba yako. Ulipomkosea, mzee amenuna wiki sita. Mimi miaka yote sikununa, nilikuwa na zamu."

Alisema bila kupandisha sauti, na ndiyo maana iliuma. Nilikumbuka mwandiko ule wa mviringo, na jinsi nilivyoupitisha machoni kadi baada ya kadi bila kuuliza. Nilikuwa nimeiba mara mbili, na nusu ya wizi huo sikuijua. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. Midomo yake ilisogea, ikaacha, ikasogea tena. Niliogopa kwamba kiharusi kinarudi.

"Presha itakupanda," Mama alimwambia. "Kesho una upasuaji. Acha."

Hakuacha. Alishika fimbo yake, akajiinua. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa jicho. Alishuka ngazi mbili za baraza, mguu mmoja unakokota, akaenda hadi kwenye ua karibu na geti. Mama alisimama. "Utaanguka wewe!" Alifika. Aligeuka kwetu, jua la mchana limempiga usoni, na akasema kwa sauti ya darasani, ile ya zamani:

"Mama. Naomba majani mawili."

Mama alikuwa ameshika shuka kifuani. Pikipiki ilipita nje ya geti, ikaenda, mlio wake ukaisha kabisa, na bado hakuwa amejibu. Mimi nilisimama katikati yao, katikati ya uwanja, sina pa kuweka mikono. Mambo yote niliyoyaogopa wiki ile yalikuwa ndani ya kimya kile: kwamba atasema hapana, na mzee ataondoka alfajiri akiwa hajasamehewa na mimi sijasamehewa.

"Kata," alisema Mama.

Nilikimbilia kisu jikoni. Mwalimu alivuta jani kwa mkono wa kushoto, mimi nikakata, akavuta la pili, nikakata. La kwangu nililifunga fundo. La kwake nilinyoosha mkono nimfungie, akatikisa kichwa. Aliuma ncha moja kwa meno, akazungusha ncha nyingine kwa vidole vya kushoto, ikateleza, akaanza upya. Mara tatu iliteleza. Alikuwa anatoka jasho. Mara ya nne fundo likakaza.

Alirudi barazani, akasimama mbele ya mkewe, akampa. Alisema maneno ya Kichaga, machache, cha kwao cha zamani ambacho mimi mtoto wa mjini sikuambulia hata moja. Mama alilipokea kwa mikono miwili. Alifuta macho kwa kona ya shuka, akasema, "Haya. Kaa chini."

Zamu yangu ilikuwa imefika, na nilikuwa na jani moja na watu wawili wa kuwaomba. Nilibaki nalo mkononi, namtazama huyu, namtazama yule.

"Mpe mwalimu wako," alisema Mama. "Mimi la kwangu utaliweka kwenye jalada."

Nilipiga magoti tena pale pale. Nilimwambia kwamba kesho asubuhi nitampigia mchapishaji, kitabu kitolewe dukani, kirudi na majina mawili juu, na mimi nibaki ndani mahali pa mchapaji. Nilijua shuleni kitakachofuata, na kilifuata. Ukuu wa idara una mtu mwingine sasa. Lakini wakati ule sikuwaza kiti. Nilikuwa natazama mkono wa kushoto wa mzee, kama utanyooka au hautanyooka.

Ulinyooka. Alilishika jani, akaligeuza upande huu na huu kana kwamba anakagua daftari.

"Marahaba," alisema.

Sikuwa nimemwamkia tena. Alikuwa anaitikia za wiki sita, na mimi nikalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana.

Alasiri ile hakutaka kulala. Alitaka kalamu. Mama aliweka ubao wa kukatia mboga magotini pake, mimi nikawa nampa kadi za wodini, moja moja, na yeye kwa mkono wa kushoto akakata lile neno, akaandika juu yake jina la Mama, la baba yake na la ukoo wake. Herufi zilikuwa zimepinda na kubwa, kama za darasa la kwanza. Alimaliza kadi kumi na moja. Mama akasema basi, mgonjwa akalale.

Aliamka Jumanne. Upasuaji ulikwenda salama, lakini Kiingereza chote kilikuwa kimekwenda, take na makopo yake yote, na Kiswahili karibu chote. Kimebaki Kichaga kidogo, cha utotoni, tena kwa kunong'ona, ambacho Mama peke yake anakielewa. Ile marahaba ya Jumapili ndiyo ya mwisho niliyoisikia kwa sauti yake.

Bado nakwenda kila Jumamosi. Ninaingia getini polepole, majani yananigusa bega. Makopo yamerudi mezani, na sasa anayekaa nami ni Mama. Anasoma kadi zake, mimi naandika majina pale ambapo mzee hakufika, na yeye anasikiliza kutoka kwenye kiti chake. Jumamosi iliyopita nilimwambia shikamoo. Alinitazama, akasogeza midomo, nikainamisha sikio langu karibu kabisa lakini sikupata kitu.

"Marahaba, anasema," akasema Mama, bila kuinua macho kutoka kwenye kadi. "Haya kaa, tuendelee."